Iringa yote ninayo kichwani, lakini kitabu hakikai

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 27, naendesha bajaji hapa Iringa mjini. Kijiwe changu kipo Kihesa, na njia yangu ya kila siku ni Kihesa, mjini, Ipogolo na kurudi. Nina mke na mtoto wa miaka mitatu.

Kidato cha nne nilimaliza zamani nikapata ziro. Iliniuma sana kwa sababu nilisoma kweli, sikuwa mtoro. Mwalimu mmoja aliwahi kusema mbele ya darasa zima kwamba kichwa changu ni gunia lililotoboka, ukitia mahindi yanamwagika njiani. Darasa lilicheka, na maneno yale ninayo mpaka leo. Mwaka huu nimejiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani ni Novemba. Historia na Baiolojia ndiyo yananitesa.

Nalaza bajaji saa tatu usiku. Nikishatoa hesabu ya mwenye chombo, naoga, nakula, halafu nafungua daftari kuanzia saa nne mpaka saa saba. Ukurasa mmoja nausoma hata mara kumi, napiga mistari kwa kalamu nyekundu. Asubuhi nikiwa kijiweni nasubiri abiria najiuliza jana nilisoma nini, nakuta hakuna kitu.

Kinachonichanganya, Shangazi, ni kwamba mimi si msahaulifu. Abiria akiniambia nimpeleke nyumba yenye geti la bluu pembeni ya mparachichi, nafika hata kama nilikwenda mara moja tu mwaka juzi. Mashimo ya barabara nayajua moja moja, mpaka lile linalojaa maji masika usilione. Iringa yote ninayo kichwani, lakini kitabu hakikai.

Mwenzangu wa kijiweni ameniletea habari ya vidonge vya kufungua akili, kopo shilingi 15,000. Mwingine aliyefika chuo anasema kuna njia ya kukariri kwa picha, unafumba macho unatengeneza picha kichwani. Nimejaribu usiku tatu. Nikifumba macho naona giza, kama sijasinzia. Je, ubongo wangu una kasoro? Ninunue vidonge? Au niachane na mtihani, nguvu zangu niziweke kwenye bajaji? Mke wangu ananitia moyo, ila naona aibu kumwambia kwamba hakuna kinachoingia.

Ni mimi,
Dereva wa Kihesa, Iringa

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipofika kwenye lile gunia nilisimama.

Vidonge tuvimalize kwanza: usinunue. Kopo ambalo daktari hakukuandikia hujui lina nini, na hakuna kidonge kinachotia Historia kichwani. Hiyo 15,000 mnunulie mtoto maziwa.

Sasa gunia. Umesahau karibu kila kitu mwalimu yule alichoandika ubaoni, lakini gunia lililotoboka na mahindi yanayomwagika njiani hujalisahau mpaka leo. Jiulize kwa nini. Ni kwa sababu lile lilikuwa picha. Lilikuwa na kitu cha kushika, na mwendo, na mahali, na kicheko cha darasa kilichokuchoma moyo. Asingesema gunia, akasema tu kwamba uwezo wako ni mdogo, huenda leo usingeniandikia habari zake. Alikukosea, mwanangu, na aliyokwambia si kweli. Ila bila kujua alikuonyesha namna kichwa chako kinavyoshika mambo: kinashika unachoweza kukiona na mahali kilipo. Ukurasa uliopigwa mistari myekundu hauna mahali. Unafanana na ukurasa wa jana na wa juzi, na kwa hiyo ukiutafuta asubuhi hujui uuanzie wapi.

Kuna watu wa kazi yako ambao wameshapimwa ubongo kwa jambo hili hili. Madereva wa teksi wa London, kabla ya kupewa leseni, hulazimika kujifunza mitaa ipatayo 25,000 kwa kichwa, na wengi huchukua miaka mitatu au minne. Mwaka 2000 mtafiti Eleanor Maguire na wenzake waliwapiga picha za ubongo, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu na njia, ni kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Pengine walizaliwa hivyo? Basi mwaka 2011 yeye na mwenzake wakatoa matokeo ya watu waliopimwa kabla ya kuanza kujifunza mitaa na baada ya kumaliza. Waliofaulu, sehemu ile ilikuwa imeongezeka. Mtu anayefika kwenye geti la bluu na mparachichi alioupita mwaka juzi hana ubongo wenye kasoro.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta kumbukumbu mpya. Unayo, ila imejaa barabara. Sisi tutapandisha masomo kwenye barabara hizo.

Njia hii ni ya zamani mno. Wagiriki husimulia habari za mshairi Simonides aliyetoka nje ya karamu, nyuma yake paa likaanguka na kuwaua wote waliokuwa ndani, wakapondeka wasitambulike. Akaweza kuwataja mmoja mmoja kwa kukumbuka kila mtu alikuwa amekaa wapi. Wala si Wagiriki peke yao. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko kusini mwa Kongo, Waluba wana ubao uitwao lukasa, umepachikwa shanga na magamba. Mjuzi hupitisha kidole juu yake, na kila shanga humpa jina la mfalme, safari, au mahali. Mimi mwenyewe kwenye kikoba chetu cha wanawake thelathini majina niliyashika kwa kuangalia nani anakaa wapi siku ya mkutano. Akina mama wakihamishana viti, nababaika.

Haya, kazi. Chukua daftari usiku wa leo, usifungue kitabu chochote. Andika vituo ishirini kwa mpangilio unaoupita kila siku: kijiwe chako cha Kihesa, mahali unapojaza upepo, Soko Kuu, kituo cha mafuta unachokipenda, pale mteremko wa Ipogolo unapoanza, mpaka mwisho. Mimi siwezi kukuandikia, maana unaijua njia hiyo kuliko mimi. Chagua mahali penye kitu cha kushika jicho: mti, bango, ngazi, fundi viatu. Kisha iseme kwenda na kurudi bila kuangalia. Najua itakuchukua dakika chache tu, na hapo utaona kwamba maktaba unayo.

Sasa tuweke mzigo. Umesema Baiolojia inakutesa, basi tuchukue mmeng'enyo wa chakula, maana vile vimeng'enya, yaani vitu vya mwilini vinavyovunja chakula, na majina yake ya kigeni huwachanganya wengi. Jina usilolielewa halina picha, kwa hiyo kwanza litafutie neno la Kiswahili linalofanana nalo kwa sauti.

Kituo cha kwanza, kijiweni Kihesa. Hapo ni mdomoni, safari ya chakula inapoanza. Kimeng'enya cha mdomoni ni amilesi, nacho huvunja wanga. Nasikia "ameila". Basi mwone dereva mwenzako amekaa juu ya bajaji yako, mdomo umejaa, mate yanamtoka: sinia zima la ndizi za kupika, ameila yote peke yake. Ndizi ni wanga, mate ndiyo yanayobeba amilesi.

Kituo cha pili, Soko Kuu. Hapo ni tumboni. Kimeng'enya ni pepsini, huvunja protini, na hufanya kazi penye asidi. Mwone mama anapepeta maharage mlangoni mwa soko, anapepeta kwa nguvu mpaka maharage yanaruka na kupasuka hewani, na pembeni yake kuna beseni la ndimu zilizokamuliwa, ukali wake unakuuma macho. Pepeta, pepsini. Maharage, protini. Ndimu, asidi.

Kituo cha tatu, pale unapojaza mafuta. Hapo ni utumbo mwembamba. Kimeng'enya ni lipesi, huvunja mafuta. Hii karibu imejitengeneza yenyewe: kijana wa pampu anakufukuza na bomba refu jembamba kama utumbo, anapiga kelele, "Lipa! Lipa mafuta!"

Soma tena hayo matatu mara moja, kisha weka gazeti au simu pembeni, uende kichwani kutoka Kihesa mpaka kituo cha mafuta. Umeona? Na mtihanini, kwa kuwa Baiolojia utaijibu kwa Kiingereza, andika kila jina kwa tahajia yake mara mbili tatu kwenye daftari ili mkono nao uzoee. Picha inakupa jina, tahajia inatoka mkononi.

Usione aibu picha zikiwa za ajabu. Dereva aliyekaa juu ya bajaji akila ndizi ndiye anayekaa kichwani. Aliyekaa ndani ametulia utamsahau, kwa kuwa unamwona kila siku. Sisi tumelelewa na vitendawili, "nyumba yangu haina mlango", na yai likawa nyumba. Ni akili hiyo hiyo, unaifanyia kazi nyingine.

Sasa nimefika kwenye swali lako lililonigusa zaidi, la kuona giza. Mwanangu, huna ugonjwa. Watu hatulingani katika kuona kwa jicho la ndani. Wapo wanaoona karibu kama sinema, wapo wanaoona ukungu, na wapo wasioona chochote kabisa. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake huko Uingereza waliipa hali hiyo ya mwisho jina, afantasia, na walio nayo wanafanya kazi na kuishi maisha yao kama watu wengine. Lakini hata sidhani kama wewe ni mmoja wao. Nadhani umechoka. Mtu aliyeendesha tangu alfajiri, akafumba macho saa sita usiku, ataona usingizi. Usifumbe. Ijue tu njia yenyewe ipo wapi, kona unakata upande gani, harufu ya pale ni nini, mtikisiko wa bajaji ukivuka tuta ukoje. Ukijua kwamba mama yupo mlangoni mwa soko na anapepeta, inatosha hata kama humwoni sura. Na ikishindikana kabisa, chora. Mchoro mbaya wa kalamu ya wino unafanya kazi nzuri tu.

Ila nakuonya hapa kama mzazi. Picha hizi usizitengeneze ukiwa unaendesha. Jicho la ndani na jicho la nje hugombea nafasi moja, na nyuma yako kuna abiria. Fanya kijiweni ukisubiri zamu, au ukiwa umeegesha. Bajaji ikianza kutembea, macho yawe barabarani.

Historia usiiweke kwenye njia hiyo hiyo, vitachanganyika. Ipe njia yake. Na wewe una bahati ambayo mtahiniwa wa Dar es Salaam hana, kwa sababu sehemu ya historia hiyo ipo unapoishi. Tuchukue Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, maana hapo tatizo lako litakuwa miaka. Tarakimu hazina sura, basi tuzipe. 1 ni mkuki. 4 ni kiti kilichopinduliwa. 5 ni ndoano. 8 ni kibuyu, kiangalie vizuri utakubali. 9 ni upawa. Karne unaijua, kwa hiyo tunashika tarakimu mbili za mwisho tu.

Agosti 1891, Lugalo, upande wa barabara ya Morogoro. Wahehe waliwavizia Wajerumani, na kamanda wao Emil von Zelewski akauawa. 91 ni upawa na mkuki: shujaa anatokea kichakani, mkono mmoja upawa, mkono mwingine mkuki. Mkuki ndio ushindi.

Oktoba 1894, Kalenga. Wajerumani waliipiga ngome ya Mkwawa kwa mizinga wakaiteka. 94 ni upawa na kiti kilichopinduliwa. Ukuta umebomoka, kiti cha mtawala kipo miguu juu vumbini, na upawa umetupwa juu yake, chakula kimeachwa jikoni.

Julai 1898, Mkwawa anajiua porini asikamatwe akiwa hai. 98 ni upawa na kibuyu: mtu aliyekimbia miaka, na vilivyobaki kando yake ni upawa mkavu na kibuyu kisicho na maji. Hii naiona nzito kuiandika, na labda ndiyo maana sitaisahau.

Kisha 1954, fuvu lake linarudishwa kutoka Ujerumani. 54, ndoano na kiti. Ndoano inakivuta kile kiti cha Kalenga kutoka mbali mpaka nyumbani.

Ona namna upawa unavyofunga matukio matatu ya kwanza, halafu kiti kinaunganisha la pili na la nne. Hizi ni picha zetu za kukariri tu, usije ukaandika upawa kwenye karatasi ya mtihani. Na hapa nikuambie ukweli: picha itakupa mwaka, jina na mpangilio. Haitakupa sababu. Mtahini akiuliza kwa nini Wahehe walishinda Lugalo na wakashindwa Kalenga, lazima uwe umeelewa kwamba Lugalo walichagua wao mahali pa kupigania na wakamshtukiza adui, na Kalenga walikuwa nyuma ya ukuta, adui ana mizinga. Elewa kwanza, ndipo uweke picha. Ukiweka picha ya kitu usichokielewa, umebeba mfuko uliofungwa hujui ndani mna nini.

Kuhusu ratiba yako, saa nne mpaka saa saba usiku naikataa. Soma mpaka saa tano na nusu, lala. Ubongo hupanga ulichosoma wakati umelala, na wewe unaunyang'anya muda huo kila siku. Halafu acha kusoma ukurasa mara kumi. Usome mara mbili, funga daftari, useme. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliofunga kitabu wakajaribu kukumbuka. Baada ya wiki moja waliojikumbusha ndio waliokuwa na kingi zaidi kichwani, ingawa waliorudia kusoma walijiamini zaidi. Ule weupe unaoukuta asubuhi hata si wako peke yako. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuandika mwaka 1885 kwamba tunachojifunza humwagika kwa kasi zaidi saa za mwanzo na siku ya kwanza, kisha upotevu hupungua. Kwa hiyo pita vituo vyako usiku kabla ya kulala, asubuhi kijiweni kabla ya abiria wa kwanza, tena baada ya siku tatu, tena baada ya wiki. Kila mara bila kitabu, kitabu ni cha kusahihishia.

Inahitaji siku ngapi? Mwaka 2017 Martin Dresler na wenzake walitoa matokeo ya watu wa kawaida waliofanya zoezi la njia hii nusu saa kwa siku, siku 40. Mwanzoni walipopewa orodha ya maneno 72 walikumbuka chini ya nusu. Mwishoni walikumbuka zaidi ya 60 kwa wastani, na miezi minne baadaye uwezo huo ulikuwa bado upo. Nusu saa kwa siku unayo, kwenye foleni ya kijiwe tu.

Na mkeo, mwambie. Anayekutia moyo anataka kujua unapita wapi. Mpe daftari, akae na mtoto, akuulize: "Soko Kuu pana nani?" Wewe useme mama, maharage, pepsini, protini, tumbo. Hahitaji kujua Baiolojia ili akuulize vituo, na mtoto atacheka kusikia mtu amekula ndizi juu ya bajaji. Aibu uliyonayo itaisha siku hiyo hiyo.

Jumapili moja mkipata nafasi, nendeni wote watatu Kalenga, kwenye makumbusho, ni kilomita chache tu kwenye barabara ya Hifadhi ya Ruaha. Simama pale ngome ilipokuwa, na ukipindue kile kiti mahali pake halisi.

Halafu niandikie mwezi ujao. Usinieleze kama umeweza au hukuweza, niambie tu kituo cha saba ni wapi na umemweka nani hapo.

Shangazi